Kijiti cha Kulia

Mara ya kwanza Leokadia alipoliona jambo lile, alilisamehe. Ilikuwa Jumanne, saa kumi na nusu alasiri, mwezi wa Juni. Alikuwa akipita sebuleni na beseni la viazi, akamwona binti yake Sekela amekaa peke yake mbele ya mashine, ameshika kitufe cha kushoto kwa mikono miwili. Katika kioo, kijiti cha kulia kilipanda, kikakipiga kitone, kikashuka taratibu, kama mtu aliyekwenda kufungua mlango na sasa anarudi kitini.

Kitufe cha kulia kilikuwa juu ya meza. Hakuna aliyekishika.

"Unacheza na nani?"

"Peke yangu, mama."

"Na huyo anayekurudishia?"

Sekela, mwenye miaka kumi, hakuondoa macho kiooni. "Huwa anarudisha tu."

Leokadia alifikiri labda mashine za Wazungu ndivyo zilivyo, hazipendi kukaa bure. Akaenda kumenya viazi.

Mashine yenyewe inahitaji maelezo, maana mwaka huo wa 1978 hapakuwa na kituo cha televisheni hata kimoja Tanzania Bara. Serikali ilikuwa na sababu zake. Sababu zilikuwa ndani ya jalada, na jalada lilikuwa Dar es Salaam. Hata hivyo, pale Soweto, Mbeya, katika nyumba ya Leokadia na mumewe Sedekia, karani wa masjala katika ofisi ya mkoa, palikuwa na televisheni ndogo isiyokuwa na cha kuonyesha, na kando yake sanduku jeusi la plastiki, ukubwa wa Biblia ya madhabahuni, lililokuwa likiipa kazi. Ukiwasha vyote viwili, kinatokea kijiti cheupe kila upande wa kioo, kitone cheupe katikati, na juu kabisa hesabu ya kila mchezaji. Kila mmoja ana kitufe chake cha duara mwisho wa waya, kama kile cha kuongezea sauti ya redio. Unakizungusha, kijiti chako kinapanda au kinashuka. Kitone kikikupita, mwenzako anapata moja. Wa kwanza kufikisha kumi na tano ameshinda. Basi. Majirani walikuja kutazama vijiti viwili vikipigiana kitone kwa saa nzima, wakaondoka wakisema dunia imekwisha.

Sedekia aliipata Mgololo. Ofisi ilikuwa imemwazima kwa miaka miwili kwenye kambi ya wapima misitu, kule kulikotazamiwa kujengwa kiwanda cha karatasi, habari ambayo mtu wa masjala huipokea kama mlevi anavyopokea habari ya kiwanda cha bia. Kambini alikuwapo mhandisi mmoja mgeni, mrefu, mpole, asiyekuwa na mke wala rafiki, ambaye kila jioni alifunga mlango akacheza na sanduku lake. Mwezi wa Machi alianza kuvaa makoti mawili. Mwezi wa Aprili walimpakia garini amefungwa mablanketi kama mtoto mchanga, meno yanagongana, na daktari wa kambi akaandika "malaria" kwa sababu nafasi kwenye fomu ilikuwa ndogo. Kabla gari halijaondoka, mhandisi alimshika Sedekia mkono akamwambia achukue mashine, yeye haitaki tena. Mkono ule ulikuwa wa baridi kama bomba la asubuhi.

Mashine ilikuja na kijitabu cha Kiingereza. Sedekia, ambaye hakupata kuona karatasi asiipe namba, alikitafsiri, akakipiga chapa ofisini, nakala tatu, na moja akaibandika ukutani: KANUNI ZA UTUMIAJI WA MASHINE. Mashine isitumike zaidi ya saa moja bila kupumzishwa. Isiwekwe juu ya zulia, godoro wala kitu chochote laini, bali juu ya meza ngumu, na nyuma yake pabaki nafasi ya kupitisha mkono. Matundu yake yasizibwe. Ikipata joto kupita kiasi iachwe ipoe polepole. Na mwisho, mstari ambao mhandisi alikuwa ameupigia kalamu nyekundu mara mbili: mchezo huu ni wa watu wawili.

"Hii ya mwisho si kanuni hasa," Sedekia alimwambia mkewe. "Ni maelezo. Nimeiweka ili kumbukumbu zikamilike."

Leokadia alizisoma zote, akazikubali zote, kisha akafuma kitambaa. Nyumbani kwao, Kalenga, kitu cha thamani hakikuachwa uchi. Redio ilikuwa na kitambaa chake, kila kiti kilikuwa na chake mgongoni na mikononi, hata saa ya mezani ilikuwa na kofia. Mashine iliyokaa wazi ingewafanya wageni waulize kama mwenye nyumba hana mikono. Na kwa kuwa ulikuwa mwezi wa Juni, ambapo kuku wa Mbeya hutembea wamejikunyata, alikifuma kizito, cha sufu, rangi ya samli na kijani, kikalifunika sanduku mpaka miguuni.

"Mama Sekela, kanuni ya tatu," Sedekia alisema, akionyesha ukuta kwa peni.

"Matundu hayajazibwa, Baba Sekela. Yamestiriwa."

Kanuni ya mwisho hakuna aliyeizingatia. Sedekia alirudi kazini amechoka kwa kutofanya lolote, kazi inayochosha kuliko zote. Leokadia alikuwa na nyumba. Sekela hakuwa na ndugu. Alicheza peke yake kila siku, kutoka saa kumi hadi chakula cha jioni, na kiti cha upande wa kulia kilibaki kitupu, kimesogezwa kidogo mezani, kama kinavyosogezwa kwa ajili ya mtu.

Wiki ya pili nyumba ilianza kupata joto.

Mwanzoni walilifurahia. Unga wa maandazi uliumuka upesi ukiwekwa karibu na mashine. Sare ya shule ililoa asubuhi ikakauka mchana. Kulikuwa na harufu, lakini si mbaya: vumbi linaloungua, na chini yake harufu nyingine, ya jiko lililozimwa haraka haraka kwa maji. Leokadia alikwenda jikoni mara tatu kuangalia. Hakuna aliyezima jiko. Alipokuwa akirudi mara ya tatu aliona kwamba mto wa kile kiti cha kulia umebonyea katikati. Aliupiga piga ukajaa. Alipogeuka kuchukua ufagio na kurudi, ulikuwa umebonyea tena, na mkono wake ulipougusa, ulikuwa na moto wa mahali ambapo mtu amekaa muda mrefu.

Asubuhi moja mama na mwana walikuwa uani, ukungu umeshuka mpaka kwenye kamba ya nguo. Kila Leokadia alipofungua mdomo, mvuke ulimtoka. Sekela alizungumza kuliko yeye, kuhusu daftari lililopotea na mwalimu asiyetaka kusikia, na hakuna kilichotoka. Midomo ilifunguka ikafumba katika hewa safi kabisa.

"Hebu njoo. Hemea hapa," Leokadia alisema, akamwekea kiganja.

Pumzi iliyogusa kiganja ilikuwa baridi sawa na ukungu.

Zahanati walimpima. Mwuguzi alikitazama kipimajoto, akakikung'uta, akampima tena, akakikung'uta tena, kisha akaandika kwenye kadi "kipimo kibovu" na kuwapa vidonge vya kichwa. Walirudi nyumbani na kufanya ambacho mtu yeyote wa Mbeya angefanya bila kufundishwa: mwenye baridi walimsogeza penye joto. Waliburuta godoro mpaka sebuleni, wakashusha sanduku kutoka mezani na kuliweka juu ya godoro, kando ya kichwa cha Sekela, na Leokadia akachukua blanketi la Sedekia la Mgololo, lile zito kuliko yote, akawafunika wote wawili, mtoto na mashine, kama vifaranga chini ya mama mmoja, ili joto lisipotee. Kiooni aliacha mchezo uendelee, kwa sababu Sekela alilia ukizimwa.

Jua lilikuwa halijazama. Leokadia alikaa na sindano zake akisikiliza. Tok. Tok. Chini ya blanketi mtoto alikuwa akinong'ona.

"Unasemaje, mwanangu?"

"Kumi na mbili kwa tisa."

"Nani ana kumi na mbili?"

"Yeye. Wa kulia." Sauti ilitoka taratibu, kama ya mtu anayeongea akiwa amelala kwenye majani yenye umande. "Anasema tukifika kumi na tano tutakwenda kwake. Kwake hakuna baridi, mama."

Leokadia alilivuta blanketi. Joto lililompiga usoni lilikuwa la tanuri la mkate. Sufu ya kitambaa ilikuwa imegeuka kahawia. Na katikati ya joto lile mtoto alikuwa mweupe midomoni, ameshika kitufe kwa vidole ambavyo havikukunjuka hata alipovivuta kimoja kimoja.

"Baba Sekela!" aliita, na hakuita kwa sauti kubwa. Hakutaka mwingine asikie.

Sedekia alikuja mbio na peni sikioni. Alitazama, akaruka godoro, akachomoa waya ukutani.

Kioo hakikuzimika. Kijiti cha kulia kilikuwa kikipanda na kushuka bila haraka, tok, na cha kushoto kimesimama, na kitone kikapita, na hesabu ya kulia ikawa kumi na tatu, na Sekela akavuta pumzi moja asiitoe, na kitone kikapita tena, kumi na nne, na kifua cha mtoto kikawa kimetulia kama meza, na Leokadia akasema "Rudisha, rudisha, rudisha," kwa sauti ndogo sana, mpaka Sedekia, aliyekuwa akihangaika kuurudisha waya ukutani, akapata tundu. Sekela alikohoa. Kitone kilirudi katikati ya kioo, kikasimama hapo kikitetemeka kidogo.

Hakikuondoka tena. Walielewa wote wawili bila kuambiana: kinamngoja Sekela azungushe kitufe. Moja tu imebaki. Na wakati kinangoja, sanduku liliendelea kupata moto, na mtoto akaendelea kupoa.

Asubuhi alikuja Andendekisye, balozi wa nyumba kumi, na daftari lake.

"Ndugu Sedekia, kuna taarifa kwamba katika nyumba hii kunatokea joto."

"Joto si kosa, balozi."

"Sijasema ni kosa. Nimesema kuna taarifa. Paka wote wa mtaa wako juu ya bati lako."

Aliingia. Aliona kioo, waya, godoro, na mama aliyekumbatia mtoto kama anayemzuia asichukuliwe na mafuriko. Aliona mto wa kiti ukibonyea mbele ya macho yake, pole pole, kama mtu anayejiweka vizuri ili amsikilize mgeni. Andendekisye alifunga daftari akatia kalamu mfukoni, jambo ambalo hakuna aliyepata kumwona akilifanya akiwa kazini.

"Kama balozi," alinong'ona, "mimi simjui mganga yeyote. Chama kina msimamo wake. Lakini kama Andendekisye, yupo Msukuma mmoja anaitwa Budeba, ametoka Usangu kuleta ng'ombe mnadani. Mke wangu anamjua. Mimi simjui. Nimfuate?"

"Mfuate, baba," Leokadia alisema. "Kimbia."

Budeba aliwasili saa nane mchana, mtu mwembamba mwenye koti la mvua na makatambuga ya tairi, kibuyu begani. Hakuwa na ngoma wala kofia ya manyoya. Alisalimia wenye nyumba, akakisalimia na kile kiti, kisha akasimama mbele ya karatasi ya ukutani.

"Nisomee hiki."

Sedekia alimsomea kanuni zote, kwa sauti ya ofisini iliyokuwa ikikatika katika.

"Aliyeandika haya ni mganga?"

"Ni kiwanda, mzee. Cha ng'ambo."

"Anajua kazi yake. Kwa nini hamkumsikiliza?"

Budeba alichuchumaa kando ya godoro, akamgusa Sekela shingoni kwa nyuma ya mkono, akaacha mkono hapo kwa muda.

"Huyu jini si mkorofi," alisema. "Mkorofi angekuja na kelele. Huyu ni mpweke. Baba yangu akicheza bao peke yake aliweka jiwe juu ya kigoda cha pili, asije mwingine akadhani ni chake. Ninyi mmemwachia kiti, mmempa mpira, mkamfunika na blanketi asije akapata baridi. Mgeni gani angeondoka?"

"Anataka nini kwa mwanangu?" Leokadia aliuliza.

"Jini ni moto, mama. Moto haukai bila kuni." Aliondoa mkono shingoni mwa mtoto.

"Basi mtoe!"

"Nikimtoa kwa nguvu atatoka na alichoshika. Mume wako alijaribu jana. Wewe ukiepua chungu, unakitumbukiza kwenye maji ya baridi?"

"Kitapasuka."

"Ndiyo. Tunampoza, kidogo kidogo. Na kwenye kile kiti lazima akae mtu mwenye damu, ashike kile kitufe, acheze badala yake." Alimtazama mmoja, kisha mwingine. "Acheze ili ashindwe. Mtoto ana tisa, anataka sita. Akizipata, wa kulia ameshindwa, na aliyeshindwa anainuka. Hiyo anaijua hata yeye. Lakini kitufe hakitakubali kushindwa. Atakayekaa asikiachie, hata kama…"

Sedekia alikuwa ameanza kusema "Mimi nadhani," lakini alipogeuka alimkuta mkewe ameshakaa.

Walifanya kazi yote ambayo ukuta ulikuwa umewaambia tangu mwanzo. Walivua kitambaa, kikakatika mikononi kama jani kavu. Walitoa godoro, wakalirudisha sanduku mezani, wakaliinua juu ya vipande vinne vya tofali ili hewa ipite chini, wakalivuta mbali na ukuta. Walifungua mlango na madirisha yote, na ukungu wa Juni ukaingia sebuleni ukakaa kwenye viti. Sedekia alipewa ungo apepee, asiache. Budeba alichovya majani kibuyuni, akazunguka meza akinyunyiza sakafu tu.

"Siyo kwenye mashine, mzee," Sedekia alisema.

"Maji na umeme hata Usangu tumesikia. Pepea."

Sekela aliketishwa upande wa kushoto, mgongo umeegemezwa kwa mito. Macho yake yalikuwa wazi. Alipomwona mama yake upande wa pili wa meza, alishangaa.

"Mama? Hujui kucheza."

"Ndiyo maana utanishinda. Zungusha, mwanangu."

Sekela akazungusha, na kitone kikaondoka.

Leokadia alikuwa ameshika kitufe cha kulia kwa mkono wake wa kulia, na jambo la kwanza alilojua ni kwamba kinaungua, na la pili ni kwamba kinavuta. Kilijigeuza kiganjani mwake kama kichwa cha kuku anayechinjwa, kikitaka kupanda kitone kinapopanda, kushuka kinaposhuka, naye akakikaza ili kijiti kikae chini kabisa ya kioo, na kitone kikapita juu. Kumi. Budeba alikuwa akizunguka akisema maneno ya Kisukuma kwa sauti ya mtu anayembembeleza ng'ombe asiyetaka kuingia zizini. Kumi na moja. Ungo wa Sedekia ulikuwa ukienda fu, fu, fu. Harufu ya jiko lililozimwa ilijaa chumba kizima, na sasa ilikuwa na harufu ya ngozi ndani yake, ambayo Leokadia alijua ni yake mwenyewe, lakini alikuwa na jambo jingine la kufikiri, maana mara moja kijiti kilimponyoka, kikakirudisha kitone kwa kishindo, na Sekela, kwa vidole vyake vya barafu, alikiwahi ukingoni kabisa, tok, na wote wanne wakasikia kila mmoja akipumua. Kumi na mbili. Kumi na tatu.

"Linapoa," Sedekia alinong'ona, amegusa sanduku. "Mama Sekela, linapoa."

"Usiache kupepea," Budeba alisema.

Kumi na nne. Zikawa sawa, kumi na nne kwa kumi na nne, na kitone kilipotoka mara hii kilitoka polepole sana, kama kinachotembea, na Leokadia akakishika kitufe kwa mikono yote miwili na kukilalia kwa kifua, na hapo ndipo alipohisi kwamba kitini hakukaa peke yake, kwamba kuna aliyekaa pale pale alipokaa, magoti ndani ya magoti yake, na kwamba huyo ameinama, pole pole, bila hasira yoyote, mpaka karibu na sikio lake la kulia, ambako hakukuwa na pumzi, palikuwa na joto tu, na ndani ya joto sauti ya Sekela ikamwambia, "Mama, nina baridi, niachie nikakae kwake, mama, mbona unanizuia," na kila kiungo katika mwili wa mwanamke yule kilichopata kuamka kwa sauti ile tangu siku ya kwanza ilipolia duniani kikaamka, na vidole vyake vikaanza kulegea vyenyewe, cha kwanza, cha pili, kabla hajageuza macho kushoto na kuona kwamba Sekela, upande wa pili wa meza, amefumba midomo, ameuma ulimi kidogo pembeni, anakitazama kitone kama watoto wote wa dunia wanavyotazama mpira.

Alikaza tena. Kitone kilipita juu ya kijiti kwa upana wa kucha, kikatoka.

Kumi na tano.

Kioo kikawa cheusi. Ungo wa Sedekia ulipiga mara mbili zaidi kisha ukasimama. Katika ukungu wa sebule Sekela alisema, "Nimeshinda," na kutoka mdomoni mwake, mwembamba kama uzi wa kufumia, ukatoka mvuke. Leokadia aliutazama ukipanda mpaka ulipopotea, akaanza kulia.

Hakuweza kukunjua mkono. Budeba alimwaga maji ya kibuyu juu yake, maji yakachemka, na kitufe kikaanguka kimeyeyuka. Aliligusa sanduku kwa kiganja chote.

"Sandukuni hayumo," alisema.

Leokadia hakuuliza, kwa sababu mtu akisema hivyo kuna swali moja tu linalofuata, naye alikuwa amechoka. Budeba aliutazama mkono wake muda mrefu, akamwambia aupake asali, na asiukaribishe na moto. Kisha akaondoka, na hakuaga kile kiti.

Sedekia aliandika barua kuikabidhi mashine ofisini kwake, nakala kwa wahusika wote. Baada ya wiki tatu alijibiwa kwamba kifaa hicho hakiwezi kupokelewa kwa kuwa, kwa mujibu wa kumbukumbu, hakimo nchini. Akakichimbia nyuma ya choo.

Sekela alinenepa. Alikimbia, alipigana, alipoteza madaftari. Mkono wa mama yake ulipona ukabaki na alama ya duara katikati ya kiganja, na ulikuwa na joto. Majirani waliupenda; katika baridi ile kila mtu alitaka kusalimiana na Mama Sekela. Mpaka Jumapili moja ya Julai, kanisani, ambapo Leokadia alikuwa amekaa na binti yake upande wa kushoto, mkono umefunikwa na shali, na katikati ya mahubiri akahisi kifundo cha mkono kinageuka. Kidogo kulia. Kidogo kushoto. Hakuwa yeye aliyekigeuza. Kilikuwa kinafuata kitu.

"Mama," Sekela alinong'ona, "nipe sweta."

Leokadia aliinuka palepale, padri akiwa katikati ya sentensi, akatoka nje bila kugeuka nyuma. Aliutumbukiza mkono kwenye pipa la maji ya mvua mpaka kwenye kiwiko, akasimama hivyo mpaka watu wote walipotoka.

Siku ya tatu, ili moto ule ukae mbali na kuni yake, alihamia Kitulo, juu kabisa, ambako nyasi huamka nyeupe kwa umande ulioganda na hata maziwa hukamuliwa mtu akiwa amevaa soksi mikononi. Mtaani walisema amegombana na mumewe. Sedekia aliwaacha waseme. Alijifunza kupika, na wakasema zaidi. Mara moja kwa mwezi anampeleka Sekela. Hawalali huko. Leokadia huwa ameshaweka meza nje, upeponi, viti viwili vikitazamana, na upande wake ndoo ya maji iliyovunjwa barafu juu, mkono wa kulia umo ndani. Hakumbatii mtoto. Anamtazama tu, anamwuliza habari za shule.

Kisha mkono unaanza kugeuka majini, na mama anaukaza mpaka mishipa ya shingo inasimama, na Sekela, upande wa kushoto, anainua mkono wake mtupu na kuuzungusha hewani, ulimi pembeni, macho yakifuata kitu ambacho Sedekia, aliyesimama na makoti ya wote watatu, hakioni.

"Nimepata moja, mama."

"Vizuri."

"Umechoka kidogo? Nikuachie na wewe moja?"

"Usithubutu," Leokadia anasema, akitabasamu, na maji ya ndoo yanaanza kutoa mvuke. "Cheza, mwanangu. Usinionee huruma."